Nusu nyumba ya Iquique: hela kidogo ilijenga kipande gani kwanza

Ukiangalia picha za Quinta Monroy, mradi wa nyumba za watu wa kipato cha chini huko Iquique, Chile, zilizopigwa siku zile watu wanakabidhiwa nyumba, mwaka 2004, unaweza ukasema mkandarasi kaishiwa hela akatokomea. Unaona safu ya nyumba za bloku na zege, kijivu tupu, chini zimekaa vizuri, juu kinasimama kiboksi chembamba cha ghorofa, halafu pengo la kama mita 3 unaona anga, halafu kiboksi, pengo, kiboksi, pengo, kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza aliyeng'oka meno. Sisi huku tungeita boma tukapita zetu. Ila hili boma lina choo kinachofanya kazi, lina jiko, lina ngazi ya zege, na kuta zake zimepigiwa hesabu na mainjinia wa matetemeko, na wenyewe waliokabidhiwa walishakaa vikao kibao na wasanifu kuhusu hayo mapengo kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Nimeamua kukichambua hiki kisa kwa sababu kila mwezi naona video ya nyumba iliyoprintiwa kwa mashine, sijui jengo la China limesimama siku 19, kontena limegeuzwa fremu ya duka, na watu wanakomenti "sisi tunakwama wapi". Mi kazi yangu ni kusimamia saiti, ndogondogo tu, nyumba za watu wa kawaida Dar na Pwani, na kwa ninavyoona kilichofanyika Iquique kina faida kwetu kuliko hizo mashine zote, maana pale hakuna kifaa kipya hata kimoja. Bloku ni zilezile, nondo zilezile, mafundi walewale. Kilichobadilika ni mpangilio wa nini kianze na nini kisubiri.

Iquique ni mji wa bandari kaskazini mwa Chile, upande mmoja bahari ya Pasifiki, upande mwingine jangwa la Atacama. Katikati ya mji palikuwa na eneo la kama nusu hekta, familia karibu 100 zimevamia na kujijengea humo kwa miaka 30. Nusu hekta jamani, viwanja kumi vya mita 20 kwa 25 basi. Serikali ikaamua ardhi ile iimilikishe kwa watu haohao, pale pale, wasihamishwe. Kazi wakapewa kikundi kinaitwa Elemental, kinaongozwa na msanifu Alejandro Aravena.

Sasa hela. Mpango wa serikali wa wakati ule ulikuwa ni ruzuku, sio mkopo, yaani familia inaingia kwenye nyumba haina deni, jambo zuri, ila ruzuku yenyewe ni dola 7,500 kwa familia. Na hiyo dola 7,500 ndio inunue ardhi, ndio ilete maji na mifereji, ndio ijenge nyumba. Kwa bei za kule ukijikaza unapata mita za mraba 30 na ushee, chumba na sebule tuseme. Halafu ardhi yenyewe, kwa kuwa ni katikati ya mji, ilikuwa inauzwa mara tatu ya ile ambayo miradi ya watu wa kipato cha chini huwa inamudu.

Njia ya kawaida ya kutoka hapo kila mtu anaijua, unawapeleka watu pembeni ya mji ambako ardhi ni bure tu. Hesabu kwenye karatasi inakaa. Ila yule mama aliyekuwa anauza vitu vyake sokoni anatembea dakika kumi, sasa anapanda gari mbili, na mtoto shule imebaki kule kule mjini. Waliowahi kupata kiwanja cha mbali wakakiacha pori wakaendelea kupanga mjini wanaelewa nachosema, na ni wengi, mi mwenyewe nna shemeji yangu ana hati ya kiwanja ambacho tangu akipate kakiona mara mbili.

Kwahiyo Elemental wakakubali bei ya ardhi, wakaanza kujaribu michoro. Ukiweka nyumba moja kiwanja kimoja, kila mtu na ua wake, zinaenea familia 30. Sabini waende wapi. Ukizibananisha mstari mmoja, nyumba ya ghorofa iliyoshikana na ya jirani, zinafika 66, lakini hapo kila chumba familia itakachoongeza baadae kinaziba dirisha la chumba cha zamani, unaishia na nyumba ya giza ambayo kufika chumbani lazima upite chumba cha mtu mwingine. Iliyobaki ni kwenda juu, maghorofa ya kawaida ya flati, na hapo zinaenea zote. Familia zenyewe zikakataa katakata. Aravena anasimulia kwamba walitishia kugoma kula kama mtu atathubutu tu kuwaletea wazo la maghorofa, na sababu yao haikuwa ushamba, walisema flati ikishakuwa ndogo ni ndogo milele, huwezi kuongeza chumba kwenye hewa ya ghorofa ya tatu.

Hapo ndo naonaga kisa kizima kimelalia. Wale watu walikuwa wanaongea kama wajenzi, kwa sababu miaka 30 walikuwa wanajenga. Walijua nyumba ya maskini haimaliziki siku ya kukabidhiwa.

Sasa jibu lilivyokuja. Kwenye jengo la ghorofa, wa chini kabisa anaweza kuongeza kwa kwenda uani, na wa juu kabisa anaweza kuongeza kwa kwenda juu, wanaokwama ni wa katikati. Basi wakawatoa wa katikati. Yaani jengo likabaki na wa chini na wa juu tu: chini nyumba moja yenye ua, juu yake nyumba nyingine ya ghorofa mbili yenye ngazi yake ya nje inayotua moja kwa moja chini, hakuna korido wala ngazi ya kugombania na jirani. Kiwanja cha mita 9 kwa 9 kinabeba familia mbili. Na nyumba zimepangwa kuzunguka viwanja vya wazi vya pamoja, kila uwanja kama familia 20, sio mia nzima kwenye uwanja mmoja ambapo hakuna anayefagia.

Kisha swali la hela likageuzwa. Kama hela inatosha mita za mraba 36, na familia ya kawaida inahitaji kama 70, una njia mbili, ya kwanza ujenge nyumba ndogo iliyokamilika, mlango, rangi, dari, kila kitu ila ni kiduchu. Ya pili ujenge nusu ya nyumba kubwa. Wakachukua ya pili, wakajiuliza ni nusu ipi. Jibu lao ni kwamba hela ya serikali ijenge ile nusu ambayo familia peke yake haitakaa iiweze, au ikiijaribu itaijenga vibaya: msingi, nguzo, kuta zinazotenganisha na jirani, ngazi, choo na bafu, jiko, mabomba. Chumba cha kulala, dari, rangi, sakafu nzuri, hiyo familia ina fundi wake, ina mjomba wake, ina jumamosi zake.

Nikiwa nasimamia saiti hiki kitu kinaniuma kwa sababu sisi tunafanya kinyume kabisa. Mtu akipata milioni 8 anainua kuta za vyumba vinne na sebule, boma linasimama, majirani wanaliona, halafu choo ni cha shimo nje, kisima hakuna, mkanda wa juu (lile zege la nondo linalofunga kuta) umerukwa kwa sababu nondo zilipanda bei, na anakaa miaka sita anatafuta hela ya kupaua huku tofali zinanyeshewa. Mita za mraba anazo nyingi, nyumba hana.

Turudi kwenye pengo, maana watu wengi wanaoelezea Quinta Monroy wanasema "waliachiwa nafasi wajenge wenyewe" kama vile nafasi ni nafasi tu. Lile pengo la juu lina ukuta kushoto, ukuta wa nyumba yako. Lina ukuta kulia, ukuta wa jirani. Chini lina slabu, yaani sakafu ya zege, tayari imeshamwagwa, ndio paa la nyumba ya chini. Kwahiyo familia ikitaka chumba inahitaji kufunga mbele, kufunga nyuma, na kuezeka, na upana ni mita 3 hivi, kipande ambacho mbao ya kawaida inavuka bila nguzo ya katikati. Hakuna msingi wa kuchimba, hakuna ngazi ya kuhamisha, hakuna nondo za kukunja. Mtu mmoja kajaza kwa mbao na paneli nyepesi, mwingine kafunga kwa dirisha kubwa la kioo kapiga na rangi ya bluu, mwingine kaacha kwanza kaweka kamba za kuanikia nguo. Kwa nje mtaa una mpigo mmoja, zege, rangi, zege, rangi, hata yule aliyejenga hovyo kabanwa katikati ya vitu viwili vilivyonyooka.

Na kule kung'ang'ania nguzo na kuta zianze na hela ya serikali sio urembo. Pwani ile ya Chile ardhi inatingishika, tarehe 1 Aprili 2014 lilipiga tetemeko la ukubwa wa 8.2 baharini jirani na Iquique penyewe. Sehemu kama hiyo huwezi kumwachia mtu aongeze ghorofa kwa kubahatisha. Chumba kikijengwa hovyo ndani ya fremu imara, yaani zile nguzo na kuta kuu, kinaweza kupasuka ukuta wa mbele, kinatengenezwa. Fremu ikijengwa hovyo hakuna wa kutengeneza.

Kuna stori moja ya beseni la kuogea ambayo Aravena hupenda kuitoa. Hela ilikuwa haitoshi kuweka vyote viwili, hita ya maji ya moto na beseni kubwa la kuogea. Ukiwauliza wataalamu na wanasiasa wote watakwambia weka hita, maji ya moto ndio maendeleo. Familia zikachagua beseni. Maana mtu anayetoka kibanda, anayeoga kwa ndoo, akihamia kule hela ya gesi ya kuwasha hiyo hita hana, ataiangalia tu ukutani, na hita ukipata hela unaning'iniza hata mwaka unaofuata, ila beseni kulichomeka kwenye bafu lililokwisha ni kubomoa. Mi nilivyolisikia hili nilicheka kisha nikanyamaza, nikakumbuka vikao vyangu na wateja ambapo mimi ndo naongea dakika arobaini na mama mwenye nyumba anauliza swali moja mwishoni, "kwani jiko litaingiza hewa?" na mimi najibu ndio ndio bila kuangalia mchoro.

Basi wakahamia, wakaanza kujaza. Kwa maelezo ya Elemental wenyewe baada ya muda mfupi nyumba zile zilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 20,000, kutoka ruzuku ya 7,500, na sehemu kubwa ya hapo ni ardhi ya katikati ya mji ambayo wangehamishwa wangeikosa. Elemental wakalifuata wazo hilohilo sehemu nyingine, Monterrey kule Meksiko, na mji wa Constitución uliosombwa na tetemeko na tsunami ya Februari 2010, ambako mradi wa Villa Verde ulipata nyumba 484, hizi zina paa moja kubwa la mgongo wa tembo linalofunika nusu iliyojengwa na nusu ya wazi, maana kule mvua ipo. Mwaka 2016 Aravena akapewa Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani, na mwaka huohuo wakaiachia michoro ya miradi yao minne ipakuliwe bure.

Sasa tusifanye kama ni peponi. Baada ya miaka kupita Quinta Monroy watu hawakuishia kwenye pengo walilochorewa. Walitoka nje ya fremu, wakala ua, wakasogea kwenye uwanja wa pamoja, wengine wakapandisha juu, magari yakapaki palipotakiwa watoto wacheze, na vyumba vya katikati vikawa havina mwanga, yaani lile tatizo la kuziba dirisha ambalo mchoro wa nyumba 66 ulitupwa kwa ajili yake likarudi kwa mlango wa nyuma. Fremu inaongoza mtu akijenga mara ya kwanza na ya pili. Akishakuwa na watoto wanne waliooa na hakuna msimamizi anayepita, fremu haiongozi tena. Elemental walikaa na watu mpaka nyumba zikakabidhiwa na kidogo baada ya hapo, ila miaka 10 hakuna msanifu anayekaa.

Pia kuna hali ya hewa, hili wengi hawalisemi. Iquique mvua ni kama haipo, mji unaweza kumaliza mwaka na vitone vya kuhesabu. Pale pengo likikaa wazi miaka mitatu slabu inabaki kavu, paneli ya mbao nyepesi inadumu. Hiyo hiyo uiweke Tanga au Mombasa masika moja tu, maji yanatuama kwenye slabu isiyo na mteremko, yanashuka kwa jirani wa chini, na huo ni ugomvi wa kufika serikali ya mtaa. Kwetu pengo lazima lipauliwe kwanza, kama walivyofanya Villa Verde. Bati na kenchi (mbao zinazobeba bati) ziingie kwenye ile nusu ngumu. Kwa hesabu zangu za harakaharaka hiyo inakula kipande kizuri cha bajeti, lakini ukishapaua, chini unaweza kufunga na chochote, matete, mabati, tofali za kuchoma, hata turubai mwaka wa kwanza.

Na wala sio kwamba Afrika Mashariki hatujawahi. Nairobi, Dandora, mradi wa mwaka 1975 na hela ya Benki ya Dunia, viwanja 6,000, kwenye viwanja vile mtu alikuta choo na bafu vimeshajengwa na maji yamefika, baadhi hadi na jiko, vyumba unamalizia mwenyewe. Ukiangalia ni wazo lilelile, miaka karibu 30 kabla ya Iquique. Kilichokosekana Dandora ni fremu. Walikabidhiwa choo na ardhi iliyo wazi, hakuna kilichosema ukienda juu nguzo zinapita hapa, na leo ukipita Dandora unaona maghorofa ya kupangisha yamebanana mpaka nguo zikianikwa huku zinadondoshea maji kule. Huku Dar miaka hiyohiyo ya 70 tukapata Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, viwanja vimepimwa, barabara na maji, ujenge kwa wakati wako. Barabara za Sinza mpaka leo zinasaidia, ukitoka hapo ukaingia Manzese utaona tofauti ya mstari uliochorwa kabla na mstari uliochorwa na ukuta wa jirani. Ila ndani ya kiwanja kila mtu na bahati yake.

Bahati yangu mimi ilikuwa hivi. Nina nyumba, vyumba viwili na sebule, niliianza nikiwa na akili ya "baadae ghorofa", nikasimamisha nguzo sita, juu nikaacha nondo zimechomoza kama nywele, nikajisifu. Miaka saba baadae nikapata kihela nikamleta fundi mmoja mtu mzima nayemuheshimu, tunapanda juu ya slabu anazunguka kimya, anagonga zege na nyundo, anashika nondo kutu inabaki mkononi. Akaniuliza, "Bosi, ngazi inapita wapi?"

Nikaonesha huku na kule. Haikuwa na pa kupita. Upande wa uani kuna karo la maji machafu, upande wa mbele ni barabara, ndani lazima nibomoe chumba cha watoto, na slabu pale juu ya chumba haina tundu, nondo zimepita zote, na kukata slabu iliyokwisha sio jambo la kumpa fundi na grainda. Mzee akanambia, "Ungeanza na ngazi hata kama inaenda hewani, watu wangekucheka mwaka mmoja tu." Nilichokuwa nimeacha juu zilikuwa nondo tu. Tulikula chumba cha watoto, na msingi wa nguzo mbili tukaufukua kuupanua kwa sababu sikuwa nimeupigia hesabu ya ghorofa, niliupigia hesabu ya hela iliyokuwa mfukoni.

Tangu hapo mteja akija na hela ya nusu simkatazi, namwambia tukae tuchague nusu. Kuna mmoja sasa hivi huko Chanika, mama wa watoto watatu, anafanya biashara ya nguo za mtumba, kaanza na msingi wa nyumba nzima, nguzo na mkanda wa nyumba nzima, choo na jiko vimekamilika hadi malumalu, chumba kimoja kimefungwa, na bati limefunika kila kitu. Vyumba vingine viwili ni nguzo nne na upepo. Ngazi ya kwenda juu ipo, ya zege, inapanda mpaka chini ya bati na kuishia hapo, watoto wanaitumia kukalia wakila. Mwezi wa tatu mvua kubwa ilipiga nikampigia simu kuuliza maji yameingia wapi, akanambia hayajaingia, ila majirani wanauliza kama nyumba imeuzwa ikiwa haijaisha.